Tukisema Mungu ni mmoja, ni mmoja wa wote au mmoja wa kwetu?

Fundi wa Kondoa aliandika:

Wakuu, salaam. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umenikataa, na watu ambao ningewauliza hapa nyumbani ndio hao hao wenye mgogoro. Naomba tuzungumze bila matusi.

Mimi ni fundi cherehani, Kondoa mjini. Ni Muislamu, naswali, sijaja hapa kutangaza kwamba nimeacha dini. Juzi, saa tatu usiku, nikiwa najaza uzi kwenye bobini, mtoto wangu wa miaka tisa alikuja akasimama karibu na meza akaniuliza: "Baba, bibi anaungua sasa hivi au mpaka siku ya kiama?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, maneno yale yale, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu.

Kumbe mchana wake, kwenye arobaini ya bibi yangu mzaa mama, binamu yangu aliyeokoka aliwakusanya watoto chini ya mwembe akawaambia bibi hayuko pema, kwa kuwa alikufa hajampokea Yesu. Na siku ya mazishi yenyewe, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, huyu ni wa upande wangu wa dini, alishasema mbele za watu kwamba wajomba zetu Wakatoliki ni kuni za moto wa Jahannamu. Ukiwasikiliza wote wawili, katika ukoo wetu hatoki mtu salama.

Ngoja niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hivyo hamtanielewa.

Sisi ni Warangi, kwetu ni upande wa Kolo, kule kwenye michoro ya mapangoni ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2006. Bibi alizaa watoto saba. Wanne Waislamu, watatu Wakatoliki. Hao watatu walisoma shule ya misheni wakabatizwa, na babu hakuona ugomvi katika hilo. Tulikula sinia moja, ugali wa uwele na mlenda, na siku ya nyama kilikuwepo kisu kimoja tu cha kuchinjia. Kilichomekwa kwenye paa juu ya mlango, hakikati nyanya wala kitunguu, na mtoto akikigusa anachapwa. Anayechinja ni mjomba mdogo, Muislamu, iwe Idd au Krismasi. Hakuna aliyekaa akatunga sheria hiyo. Ilikuwa hivyo ili kila mtu ale.

Bibi aliswali swala zake tano. Lakini wingu jeusi likisimama upande wa Haubi, alisema "Mulungu", neno letu la Kirangi, na ndilo hilo hilo mjomba mkubwa alilolisema akitoka kanisani Jumapili. Wazee wengine wa kule walikwenda Mungomi, kwenye pango, kuomba mvua na kumwaga pombe. Bibi hakwenda. Hakuwatukana waliokwenda.

Miaka kumi na moja ya mwisho bibi hakuona. Vikope vilimla macho yote mawili. Aliyebaki naye nyumbani ni mjomba mkubwa, mzee wa kigango, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni. Huyu ndiye aliyemwekea maji ya kutawadha. Ndiye aliyemtandikia mkeka, akamshika mabega, akamgeuza kaskazini akilemea mashariki kidogo, akamwambia, "Mama, hapo." Kisha alikaa kizingitini kimya mpaka bibi atoe salamu, amkunjie mkeka. Mara tano kwa siku. Ramadhani alimwamsha ale daku. Nimeyaona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nikienda kila nikipata nafasi, na mara nyingine nilifika Alfajiri nikakuta tayari amemwelekeza.

Siku bibi alipofariki nilipeleka bafta mwenyewe. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, na sanda haishonwi. Mimi ninayeishi kwa sindano, siku hiyo kazi yangu ilikuwa mkasi tu. Alizikwa shambani kwake, kaburi la kwanza pale. Asubuhi walipokuwa wanapima, vijana waliokuja na mdogo wangu kutoka mjini walibishana kuhusu kibla mpaka mmoja akatoa simu atafute dira. Mjomba mkubwa akasogea akanyoosha mkono: "Ni huku." Wakamtazama, wakarudi kwenye simu. Simu ikasema ni huko huko.

Ilipofika saa ya kubeba jeneza, mjomba alipotia bega, kijana mmoja akamwondoa mkono. "Kafiri asiguse." Mzee wa miaka sitini na nane. Alirudi nyuma, akasimama kwenye ua wa minyaa, hatua kama thelathini kutoka kaburini, mikono nyuma, mpaka tulipomaliza kufukia. Mimi nilikuwa nimeshika jeneza upande wa miguu. Sikusema neno, na hilo linaniuma kuliko hata ya binamu.

Sasa swali langu. Siulizi kama Mungu yupo. Mdogo wangu anasema Mungu ni mmoja. Binamu yangu anasema Mungu ni mmoja. Kama kweli ni mmoja, basi bibi aliposema "Mulungu" akilitazama wingu, aliyemsikia ni huyo huyo, hakuna wa pili ambaye angeweza kusikia. Na mjomba na rozari yake, ni huyo huyo. Lakini wakisema yupo wa kwao anayewasikia wao na kuwachoma waliobaki, mimi naona hapo wana mungu wa ukoo. Wamemfanya mkubwa kuliko wa jirani, ila bado ni wa ukoo, na wao ndio wameshika hati yake.

Nakosea wapi? Na mtoto nimwambie nini?

---

Binti Lushoto aliandika:

Pole sana kaka. Mpe na mjomba pole. Mimi ya dini sina elimu nayo, ila mtoto usimwache na swali hilo usiku mwingine.

---

Ustadh wa Pangani aliandika:

Assalaam alaykum ndugu yangu. Allah amrehemu bibi.

Nafundisha chuo, watoto wa juzuu amma na wakubwa kidogo. Nitasema kama ninavyoamini, usiponipenda sawa.

Kwanza, kuosha, kukafini na kuswalia maiti wa Kiislamu ni kazi ya Waislamu, hilo sitalificha. Lakini mtoto wa marehemu kufukuzwa kama mwizi kwenye kaburi la mama yake, hilo nani kawafundisha? Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea kwamba jeneza lilipita mbele ya Mtume, akasimama. Akaambiwa, huyo ni Myahudi. Akajibu kwa swali: je, si nafsi? Jeneza la Myahudi limesimamiwa na Mtume mwenyewe, halafu mtoto aliyemtawadhisha mama yake miaka kumi na moja anaambiwa asiguse.

Pili, hukumu ya moto. Katika itikadi ya Ahli Sunna hatumshuhudii mtu kwa jina lake kwamba ni wa Peponi au wa Motoni, ila yule ambaye Qur'ani au Mtume amemtaja. Mdogo wako anapomwonyesha mjomba kidole akamwita kuni, amejipa kazi ambayo si yake. Asome vizuri hicho anachokitetea.

Tatu, hapa ndipo sikubaliani na wewe. Usije ukatoka kwenye machungu ukaingia kwenye kusema dini zote ni kitu kimoja. Mimi siamini hivyo. Naamini Tauhidi, yaani Mungu ni mmoja hana mshirika, na naamini mjomba wako amekosea kuhusu Isa bin Maryam. Mjomba wako naye, kama ni Mkatoliki wa kweli, anaamini mimi nimekosea. Hiyo ni heshima kati ya watu wazima. Qur'ani inatuambia tuwaambie watu wa Kitabu, "Mungu wetu na Mungu wenu ni mmoja" (29:46). Aya hiyo hiyo inaanza kwa kusema tusijadiliane nao ila kwa njia iliyo njema. Mungu huyo ni mmoja, lakini maneno juu yake yanaweza kuwa ya kweli na yanaweza kuwa ya makosa.

---

Mtumishi Mbeya aliandika:

Bwana Yesu asifiwe. Fundi, nimesoma yote na nimeumia kwa ajili ya mtoto. Binamu yako hakutumia hekima. Watoto wa kufiwa hawahubiriwi hukumu.

Ila siwezi kukubembeleza. Neno linasema, "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi" (Yohana 14:6). Hapo hakuna mlango wa pembeni. Nikiamini hivyo halafu nikanyamaza ili tule vizuri pamoja, nitakuwa sikupendi. Ukiona nyumba ya jirani inawaka huanzi kufikiria kama utamuudhi ukimwamsha. Watu mnatuita wenye msimamo mkali, hamjui sisi hulia usiku kwa ajili ya ndugu zetu.

---

Fundi wa Kondoa alijibu:

Ustadh, nakushukuru. Hadithi ya jeneza nimeinakili, nitamsomea mdogo wangu. Na hapo kwenye la tatu nakuelewa. Sisemi kwamba mjomba na mimi tunaamini sawa. Hatuamini sawa. Nilipokuwa kijana tulibishana naye usiku mzima juu ya Isa, bibi akatwambia tupunguze sauti anataka kulala. Asubuhi tulikwenda wote kupalilia alizeti. Kinachonisumbua ni huyu anayedhani akishakuwa na haki katika ubishi basi amepewa kiberiti pia.

Mtumishi, nakuamini ukisema mnalia. Lakini nijibu hili. Ukimwamsha jirani nyumba ikiwaka, unamwamsha aliye hai. Bibi yuko kaburini. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumtoa. Sasa yale maneno yalikuwa ya kumwokoa nani?

---

Mtumishi Mbeya alijibu:

Kweli, kwa bibi hayakuwa na faida tena. Hapo nakupa haki yako. Nitaliombea.

---

Mama wa Malindi aliandika:

Hamjambo. Mimi ni Mgiriama, niko Malindi. Nimeshtuka kusoma neno lenu la Kirangi, kwa sababu hata sisi twasema Mulungu. Bibi yangu pia alisema hivyo hivyo mvua ikikawia, na sasa kwetu kuna Waislamu, kuna wa kanisa, kuna wazee wa kaya, misitu yetu ya ibada za jadi, na neno ni lilo hilo.

Nimekuja kwa jambo moja. Fundi, umetaja kisu, kisha ukapita haraka kwenda kwa mazishi. Nataka kukuuliza: hao wawili, mdogo wako na binamu yako, bado wanakula kwenu?

Nauliza kwa sababu ya Shakahola. Dunia ilisikia habari hiyo Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi ndani ya ule msitu, na kabla kufika mwisho miili ilipita mia nne. Watu walisema waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamuone Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, ameshtakiwa pamoja na wenzake na wakakana mashtaka, kesi ni ya mahakama, mimi siimalizi hapa. Ninachokijua mimi ni cha jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu.

Huyo dada hakuamka siku moja akaingia msituni. Kwanza alianza kusikiliza mahubiri kwenye simu. Akawa haji tena kwa sherehe za majirani. Ukimpelekea sahani ya pilau anaipokea, halafu unaona kesho sahani imerudi, imeoshwa, na kuku wa pembeni wanakula wali. Hakunitukana. Alisema tu chakula cha nyumba ambayo haijatengwa hakiwezi kumuingia. Baada ya hapo watoto wakatolewa shuleni, kwa sababu walifundishwa kwamba shule ni ya shetani. Kisha mdogo wao wa mwisho alishikwa na homa, nikasema twende hospitali, akanijibu kwamba Daktari wake ni mmoja. Kanisa hilo la Mackenzie la Malindi lilifungwa 2019. Yeye na watoto wakaondoka baadaye, usiku, na godoro moja. Watoto walikuwa wanne. Aliyerudi ni mmoja, na ana mwili wa mtoto mdogo kuliko umri wake mpaka leo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mimi namwamini Mungu na Jumapili niko kanisani, simlaumu Mungu. Lakini nilipoiona ile sahani ilirudi, nilidhani ni madharau tu ya kawaida, nikakasirika, nikaacha kumpelekea. Ningejua, ningeendelea kupeleka hata kama anamwaga. Mtu akikataa chakula chako kwa jina la Mungu, usikimbilie kununa. Endelea kwenda mlangoni kwake.

---

Fundi wa Kondoa alijibu:

Mama, umenigusa pabaya. Hawali. Mdogo wangu anakuja na chakula chake kwenye kontena, anasema hana uhakika na sufuria zilizopikia Krismasi. Binamu naye kwa miaka mitatu hali nyama aliyochinja mjomba mdogo, anasema imetajiwa jina lisilo lake. Idd iliyopita sinia lilikuwa na nafasi mbili wazi. Bibi kwa upofu wake alikuwa anapapasa mikono ya watu kwenye sinia ahesabu, akauliza, "Mbona tumepungua?" Tukamdanganya kwamba wamesafiri.

Sijawahi kufikiria kama ulivyosema. Mimi nilinuna.

---

Mwalimu wa Historia, Bukoba aliandika:

Mimi dini niliacha kitambo, lakini sitaki kumshawishi mtu. Nachangia kwa upande wa somo langu tu, kwa sababu Fundi amesema "mungu wa ukoo" na wengi watadhani ni tusi. Kihistoria si tusi.

Somo la kwanza ambalo wanafunzi wangu hushangaa ni jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la mnamo 840 KK, lililoonekana Dhiban, Jordan, mwaka 1868, na sasa liko Louvre. Mfalme anaandika kwamba mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi yake ndiyo maana Israeli ikawatawala, kisha Kemoshi akarudi akampa ushindi. Ukifuta jina la Kemoshi ukaandika Bwana, utadhani unasoma Wafalme au Waamuzi. Kila taifa lilikuwa na wake, na kila taifa lilisema wetu ndiye. Hata amri ya kwanza inasema usiwe na miungu mingine ila mimi. Haijasema kwamba mingine haipo. Zaburi ya 82 inamwonyesha Mungu akisimama katikati ya miungu akihukumu.

Tamko lililo wazi kabisa, kwamba hakuna mwingine popote, liko Isaya 45. Na wasomi wengi wa Biblia wanaliweka wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kuvunjwa mwaka 586 KK. Watu hawana hekalu, hawana mfalme, hawana nchi. Ni hapo walipoweza kusema Mungu wetu ni wa dunia nzima. Walipokuwa na jeshi na mipaka hawakulihitaji sana neno hilo.

Na angalieni linasemwa kwa nani. Sura hiyo hiyo inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, mpakwa mafuta wa Bwana, na inaongeza kwamba Koreshi hakumjua. Mtu wa taifa jingine, mwenye ibada zake, anashikwa mkono wa kuume na Mungu ambaye hamjui hata jina. Kwa hiyo, Fundi, hoja yako si mpya, iko ndani ya maandiko yenyewe, tena kwenye ukurasa ule ule ambao watu huutumia kuwafungia wenzao nje.

---

Ustadh wa Pangani alijibu:

Mwalimu, mimi nasema Tauhidi ilikuwepo tangu Adam na watu ndio waliopotoka wakajitengenezea miungu ya mataifa. Hapo hatutakutana. Lakini la Koreshi nitalitafakari.

---

Mwl. wa zamani, Mandera aliandika:

Wenzangu mmeongea ya vitabu, niongeze la barabarani.

Mimi ni Mkristo wa bara, nilifundisha Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kabla ya 2014. Tulizoea basi la Nairobi, siku nzima na zaidi ya vumbi. Novemba 2014, shule zilipofungwa, Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria. Asiyeweza kutamka shahada ya Kiislamu alitolewa. Waliuawa watu 28, wengi wao walimu wenzetu waliokuwa wanarudi makwao likizo. Mimi nilikuwa nimesafiri wiki moja kabla. Sikurudi tena kufundisha kule, na nina wanafunzi ambao sikuwaaga.

Mwaka uliofuata, Desemba 2015, walisimamisha basi jingine upande wa El Wak, wakataka lile lile: Waislamu huku, Wakristo kule. Mara hii abiria Waislamu wakakataa kutengana. Kina mama walikuwa wameshawapa Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wale watu, tuueni wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi.

Nimesoma ule mstari wa hatua thelathini nikasimama hapo. Kutenga watu ndio kazi ya kwanza ya hawa jamaa, popote walipo. Risasi inakuja baadaye. Mdogo wako, Fundi, si muuaji, sisemi hivyo. Ila siku ile kaburini, kuna wanaume wengi mlikuwepo. Ikitokea tena, mmoja aondoke kwenye jeneza akasimame na mzee kwenye minyaa.

---

Fundi wa Kondoa alijibu:

Mwalimu, sina la kujitetea. Ungekuwa umeniuliza mimi kabla ya siku ile ningekwambia nitafanya hivyo. Nilipokuwa pale miguu haikutoka.

Niwaambie nilichofanya tangu nilipoandika mara ya kwanza.

Jumamosi nilipanda gari na mtoto mpaka Kolo. Nilimkuta mjomba mkubwa anatwanga uwele, kazi ya bibi, hajamwachia mtu. Nikamwomba msamaha kwa habari ya jeneza. Hakuniambia haidhuru. Alisema, "Niliuona mkono wako, haukuachia. Nikasema afadhali wewe umeshika." Kisha akaendelea kutwanga, na mimi nikakaa pale kwenye kinu nikipeta, mpaka akili ikatulia.

Mtoto akamuuliza mwenyewe, nilimwacha amuulize. Swali lile lile, bila kupunguza.

Mjomba aliingia ndani akatoka na mkeka wa bibi. Umechakaa mahali pawili, palipokuwa magoti. Akautandika mahali pake, akamshika mtoto mabega akamgeuza taratibu kama alivyokuwa akimgeuza bibi, akamwambia, "Hapo." Akamuuliza, "Mimi naswali kama bibi?" Mtoto akasema hapana, wewe unakwenda kanisani. "Sasa, mimi nisiyeswali kama yeye nilikuwa namwelekeza mara tano kila siku, hata siku niliyougua malaria nilitambaa nikaja nikamwelekeza. Je, nilimpoteza hata mara moja?" Hapana. "Na Mulungu atashindwa na mimi?"

Mtoto hakujibu. Alikaa kwenye mkeka muda mrefu kidogo, halafu akauliza kama anaweza kumsaidia kutwanga. Usiku wa Jumapili amelala bila kuniita.

Ustadh, najua kuna mambo ya elimu ya dini katika jibu lile ambayo utayasahihisha. Yasahihishe, nitasoma. Mimi sikuwa na jibu zuri zaidi.

Mdogo wangu nilimpigia simu nikamsomea ile hadithi ya Bukhari. Alikuwa anaijua. Nikamuuliza, sasa mbona? Akanyamaza, akasema wale vijana ni wenzake, asingeweza kuwapinga mbele za watu. Nikamwambia hata mimi sikuweza. Hatujapatana, ila Idd amesema atakuja, na sitamuuliza kuhusu kontena.

Kwa binamu nilichelewa kwenda, yeye akanitangulia. Jana mchana alikuja kibandani na kitambaa cha majoho ya kwaya yao, tetroni ya zambarau, mita arobaini na mbili, majoho kumi na manne. Nikapima upana, nikaandika kwenye daftari. Kisha nikamuuliza kwa nini alimwambia mtoto maneno yale. Alianza na mistari ya Biblia, akakatika katikati. Akasema bibi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa, na tangu siku ya mazishi anamwota yuko motoni, anaamka jasho linamtoka, hana wa kumwambia kwa sababu kanisani wanamwambia hivyo ndivyo ilivyo. Aliwaambia watoto kwa sababu hakuweza kubaki nalo peke yake.

Mtumishi Mbeya, niliposikia hivyo nikakumbuka ulivyosema mnalia. Sikujua mnalia namna hiyo.

Nikamwambia siku nyingine ndoto hiyo ikija anipigie mimi, hata saa nane usiku, asimtafute mtoto. Na nikamwambia habari ya mkeka. Alitaka kujua kama bado upo, nikamjibu upo. Ijumaa anakwenda Kolo kumwona mjomba, na Mama wa Malindi, nimempa jogoo hai ampeleke, akachinje mwenyewe akitaka, au amwachie mjomba mdogo.

Leo nimeanza kukata majoho.